Weka pesa ya vitamini D, kawapime watoto

Msomaji mmoja wa Unguja kaniandikia juzi. Mumewe kaanza dozi ya TB, na shoga yake kamshauri awanunulie watoto vidonge vya vitamini D vya kupandisha kinga. Anauliza anunue vya nguvu gani.

Usinunue, mdogo wangu.

Mie mkulima wa mwani, Tumbe huku Pemba. Bamvua likiingia niko juani tangu maji yanapopwa hadi yanapojaa. Kama jua na vitamini D ambayo ngozi huitengeneza juani vingetosha kukinga, TB ingenikwepa mie kabla ya mtu yeyote. Haikunikwepa. Nilikohoa, nikaloa jasho usiku, kanga zote zikanipwaya. Makohozi yakapimwa, nikapewa dozi ya miezi 6: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne. Sikuruka hata siku moja, na hilo najivunia mpaka leo.

Kilichoniuma si vidonge. Wifi yangu alinitengea kikombe. Nikamwambia TB inapita kwenye hewa, mtu akikohoa, haipiti kwenye kikombe. Akaitikia, na kikombe akakiacha palepale. Nimepona, na bado akinikaribisha chai namwambia nimefunga. Tuyaache.

Hizi habari za vitamini D zina asili yake. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu TB ya ngozi kwa mwanga. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakaonesha kuwa seli za kinga zikipata vitamini D hutengeneza katelisidini, silaha ya kuulia vijidudu vya TB. Lakini hayo ni ya maabara. Kule Mongolia watoto wa skuli 8,851, karibu wote wana upungufu wa vitamini hiyo, waligawiwa makundi mawili: wengine vitamini D kila wiki kwa miaka 3, wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka 2020. Waliopewa vitamini waliambukizwa asilimia 3.6, wenzao 3.3. Na hapo ng'ambo tu, Dar es Salaam, watu 4,000 wenye VVU walijaribiwa vivyo hivyo. TB haikupungua.

Chakula ndicho kilichofanya kazi. India, jimbo la Jharkhand, familia za wagonjwa zilipewa mchele, kunde na virutubishi mchanganyiko, na TB kwa watu wa nyumba hizo ikapungua kwa karibu asilimia 40. Basi pesa ya chupa ya vitamini nunua dagaa, choroko, mayai. Sote tunataka watoto wakue, wasome, watushinde. Mtoto hakui kwa chupa, hukua kwa kula!

Kabla ya dagaa, wapeleke kituoni wapimwe. Wasio na ugonjwa, hasa wa chini ya miaka 5, waombee dawa za kinga ya TB, ambazo ni dawa kweli. Fungua madirisha, hata jirani akichungulia. Mumeo ameze kila siku, na akijiona mzima aendelee kumeza, maana wengi huacha hapo. Ameze, nakwambia.

Na huyo shoga yako, kama alikuwa akija kwenu kila usiku kutazama tamthilia, naye akapimwe.