Shule ya kijijini imefungwa: tungoje au tumwandikishe hapa?

SWALI: Mtoto wa dada yangu, wa kiume, miaka 10, ameletwa kwetu Mlaleo, Kisauni, Mombasa, kutoka Basuba, Lamu. Aliachia gredi ya 3. Mamake asema tungoje hali ya usalama itulie arudi kwao. Kuna kijana ataka 4,000 atutolee barua ya uhamisho. Tufanyeje?

JIBU: Dada, usimpe hata ndururu. Barua ya uhamisho ni bure. Huitoa mwalimu mkuu wa shule aliyotoka, na shule ikiwa imefungwa, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya huko. Hawa madalali huuza karatasi na muhuri tu. Jina la mtoto hubaki palepale kwenye mfumo wa wizara, chini ya shule ya zamani, na mgao wake wa serikali hauji shule mpya. Hapo ndipo mnaanza kuzungushwa. Mtoto naye ahesabiwa mwanafunzi wa shule isiyo na mwalimu.

La kungoja ndilo baya zaidi, na kila wiki linaulizwa. Watu hudhani askari wakishafika, shule imefunguka. Askari hutangulia, mwalimu huja mwisho, na wengine hawarudi kabisa. Novemba 2014 basi lilivamiwa Mandera, wakauawa watu 28, wengi wao walimu. Wenzao wengi wasio wenyeji wakakataa kurudi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na TSC, tume inayoajiri walimu, ikawahamisha wasio wenyeji. Huko kwenu Basuba shule zilifungwa tangu 2014, na zilipoanza kufunguliwa zilirudi na madarasa ya chini. Huyu wa kuingia gredi ya 4 atakaa wapi?

Akingoja miaka mitatu, atakuwa na 13 akikaa na wa miaka tisa. Ataona haya, ataacha. Wa kiume huishia maskani, vijiwe vya vijana, na maskani za Kisauni mwazijua. Wa kike huachiwa watoto wa nyumba. Hata wazaliwa wa hapa, vijana wa mapanga wakipita mtaani, huzuiwa nyumbani "siku mbili tatu" na muhula ukaisha.

Mpeleke shule ya umma iliyo karibu na ripoti yake ya mwisho na cheti cha kuzaliwa. Ikiwa cheti hakipo, anza kukiomba sasa, na muombe chifu barua ya kumtambulisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, yaruhusu kumpima mtoto ili apangiwe darasa, si ili akataliwe. Wakimkataa, nenda ofisi ya elimu ya Kisauni. Asikae nyumbani kungoja barua ya Lamu, itamkuta darasani.