Maeneo mawili ya ubongo yakipanda na kushuka pamoja, ndiyo yanapeana habari?

SWALI: Nina picha za ubongo za watu 20 waliolala kwenye mashine ya MRI bila kupewa kazi yoyote, kila mmoja dakika 6, picha moja kila sekunde 2. Kati ya maeneo mawili nimepata uwiano wa 0.6 (1 ni kupanda na kushuka pamoja kikamilifu, 0 ni kutohusiana). Msimamizi wangu anasema uwiano hautoshi: nitumie taarifa ya pamoja, au mbinu ya Granger ili nionyeshe eneo lipi linapeleka habari kwa lenzake. Nichague kipi?

JIBU: Tuanze na kile mashine inachokiona, maana haioni seli za neva zikizungumza. Kinachoonekana ni damu. Seli zikifanya kazi, damu yenye oksijeni humiminika hapo kuliko mahitaji, na picha hung'aa kidogo. Mmiminiko huo hufika kileleni sekunde 5 au 6 baadaye. Kila utakachokihesabu kimepitia mlango huo.

Kuhusu taarifa ya pamoja, msimamizi wako yuko sahihi nusu. Uwiano huona uhusiano wa mstari mnyoofu tu. Taarifa ya pamoja, yaani kipimo cha jinsi kujua kimoja kunavyokupa habari za kingine, iliyotokana na kazi ya Claude Shannon ya mwaka 1948, huona uhusiano wa umbo lolote. Lakini data kama zako mara nyingi hukaribia mgawanyo wa kawaida (wenye umbo la kengele), na hapo kipimo kimoja huzaliwa na kingine. Chukua 1, toa 0.36 (yaani 0.6 mara 0.6), unabaki na 0.64, tafuta logi yake kwa kizio cha 2, igawe kwa 2, geuza alama: biti 0.32 hivi (biti ni kizio cha habari). Umebadilisha sarafu, mali ni ileile. Tena ukiikadiria kwa kugawa thamani katika visanduku na kuhesabu ngapi zimeangukia kila kimoja, picha zikiwa 180 tu, jibu hupanda lenyewe hata pasipo uhusiano wowote.

Granger ndiyo inayonitia wasiwasi. Inauliza kama yaliyopita ya eneo A yanasaidia kutabiri eneo B. Sasa tuseme A imepeleka ujumbe kwa B kwa milisekunde 20, lakini mishipa ya A ni mizito na damu yake inafika kileleni sekunde ya 6, ya B sekunde ya 5. Kwenye picha B imetangulia, na mshale wako umegeuka kinyume. Tofauti kama hizo kati ya maeneo zipo kweli. Entropia ya uhamisho, inayopima mwelekeo kwa njia ya taarifa, nayo ina ugonjwa huohuo. Ukitaka mwelekeo, vipimo vya umeme au sumaku vya kichwani hufuata milisekunde, au kuna modeli za kisababishi zilizoanza kutumika mwaka 2003, ambazo huweka mwendo wa damu ndani ya hesabu yenyewe. Usisahau pia eneo la tatu: thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha habari, ikilisha A na B kwa pamoja, zitacheza ngoma moja bila kusemeshana.

Kwa hiyo baki na uwiano, usiuonee haya. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake waliutumia kuonyesha kwamba maeneo ya ubongo yanayoongoza mwendo wa mwili, ya kushoto na kulia, hupanda na kushuka pamoja mtu akiwa ametulia tu.

Nguvu zako zipeleke kwenye kichwa kinachotikisika. Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake walionyesha kuwa miondoko midogo tu, chini ya milimita moja, hukuza uwiano wa maeneo ya karibu na kupunguza wa mbali. Mimi mwenyewe niliwahi kufurahia tofauti nzuri kati ya makundi mawili, kumbe kundi moja lilikuwa halitulii. Chora mwondoko wa kila mtu kabla ya kugusa jambo lingine.

Kabla ya kupata wastani wa watu 20, geuza kila uwiano (r) kwa njia ya Fisher, hesabu inayorekebisha mgawanyo wake ili wastani ufae. Wala usizihesabu picha 180 kama vipimo 180 vinavyojitegemea, kwani kila moja inafanana na jirani yake. Kisha chukua eneo A la mtu mmoja na B la mwingine, rudia hesabu kwa jozi zote. Uwiano unapaswa kuzunguka sifuri. Uwiano huo usipozunguka sifuri, kuna kitu kwenye uchakataji wako kinachowaunganisha watu wasiowahi kulala kwenye mashine pamoja.