Ananakili vibaya ubaoni: mvivu au macho?

Dada, umesema mwanao wa miaka 8 ananakili vibaya ubaoni, kabla hujamchapa eti mvivu kama mwalimu anavyosema, mpeleke akapimwe macho. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo, TV anaifuata mpaka pua inakaribia kugusa kioo, mpira ukirushwa anaukosa, akitoka shule kichwa kinauma, na hakuwahi kusema haoni, atajuaje wakati anadhani wote tunaona hivyo? Siku ya kwanza na miwani akasimama mlangoni, "mama kumbe mwembe una majani mojamoja". Nililia jamani.

Usisubiri akue, jicho moja likiwa dhaifu ubongo unazoea kulipuuza na ukichelewa kulirudisha ni kazi. Makengeza pia, wanaosema ni urembo achana nao. Na mtoto yeyote ukimpiga picha kwa flashi mboni ikatokea nyeupe, hospitali wiki hiyohiyo, inaweza kuwa saratani ya jicho.

Sasa wewe, kusogeza simu mbali na kushindwa kutunga uzi kwenye sindano ukiwa na 43 ni umri tu, wengi inawaanza kwenye 40 hivi. Ila usiishie kwenye miwani ya kununua barabarani maana umesema mama yako ana presha ya macho (glakoma), hiyo inatembea kwenye familia na inakula uono kimyakimya bila maumivu, kwa hiyo waambie wakupime presha ya jicho na waangalie mshipa wa fahamu kule nyuma ya jicho. Ukiona vimulimuli ghafla au kama pazia linashuka, usilale nyumbani, nenda siku hiyohiyo.