Maua ya Kitulo na radi ya mchana

SWALI: Mwezi wa pili tuko watu wanne, tunataka kubeba mabegi mgongoni twende Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, kuona maua na kulala usiku mmoja. Tumepanga kuanza kupanda mchana, tupige hema juu kabisa mgongoni mwa mlima, asubuhi tushuke taratibu. Februari huku kwetu mvua huwa imepungua, na radi zenyewe huja usiku. Je, hema la kawaida na blanketi vinatosha? (Msomaji, Nyakato, Mwanza)

JIBU: Mwezi mmechagua vizuri, saa ndiyo mmekosea. Blanketi tutalifikia.

Radi za Mwanza zinaendeshwa na ziwa. Usiku nchi kavu hupoa haraka wakati maji bado yana joto lake; upepo unatoka nchi kavu kila upande, unakutana ziwani, hewa yenye unyevunyevu inapanda juu, na dhoruba inalipuka usiku wa manane kuelekea alfajiri. Waulize wavuvi wa dagaa. Mlimani mambo yamegeuka. Jua la asubuhi hupasha miteremko, hewa hupanda nayo, kufika saa sita mawingu yameshajijenga, na mchana hadi jioni ndio wakati wa radi. Kwa mpango wenu, mtafika juu saa ileile ya hatari.

Halafu Februari ya kule si kama ya Mwanza yenye vuli na masika. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na ni mvua hiyo inayochanuza maua: okidi za ardhini aina 45 hivi, na mengine mengi kati ya mimea kama 350. Wenyeji hawakuiita Kitulo Bustani ya Mungu bure. Lakini uwanda wenyewe ni nyasi tupu. Pasipo mti, kitu kirefu ni wewe na begi lako.

Kwa hiyo geuzeni ratiba. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, mwe mmetoka mgongoni kabla ya saa sita, na saa nane hema liwe limesimama. Mgongo wenyewe upiteni tena alfajiri ya siku ya pili, mbingu ikiwa safi na umande bado uko kwenye maua; kwa picha hakuna saa nzuri kuliko hiyo.

Mkiona mwanga wa radi, hesabuni sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shukeni kutoka mgongoni mara moja, na msirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Msijibanze chini ya mti ulio peke yake wala kwenye pango la mwamba, na msikae kwa kukumbatiana: achaneni hatua ishirini au zaidi, ili radi moja isiwapate wote wanne. Hema halikingi radi hata kidogo.

Hema lipigwe ubavuni mwa mlima, upande uliokingwa na upepo. Bondeni kabisa hapafai, maana baridi na maji vyote huteremkia huko. Lile la kawaida la tabaka moja silipendi. Tafuteni lenye kifuniko cha nje kinachokaribia ardhi. Lijaribuni kwanza nyumbani: lisimamisheni uani, mmoja aingie na tochi, mwingine amwage ndoo ya maji taratibu juu ya mishono. Tone likionekana ndani, hema hilo si la Kitulo.

Sasa blanketi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600, na kilele cha Mtorwi ni mita 2,961. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo usiku wa nyuzi 18 Mwanza unakuwa kama nyuzi 8 kule, kabla hujahesabu upepo na nguo zilizolowa. Blanketi peke yake halitoshi. Kila mtu awe na mfuko wa kulalia ulioandikwa nyuzi 0 au chini yake, na sponji chini, kwa sababu ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Jinzi ziacheni Nyakato. Nguo za kulalia zifungwe kwenye mfuko mzito wa turubai (rambo, yaani mifuko ya plastiki, zimepigwa marufuku tangu 2019, na hata hivyo zilikuwa zinachanika).

Chakula mnacho tayari huko Usukumani: matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa), karanga, dagaa wa kukaanga. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi, ni ya kupika, na juu kule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo maharage yatawamalizia gesi yakiwa bado magumu.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Kabla ya kukata tiketi ulizeni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) ada, mwongozo, na mahali panaporuhusiwa kulala. Mkiingia, fuateni njia mmoja nyuma ya mwingine. Viazi vya okidi viko chini kidogo tu ya ardhi ile laini.