Wanagenzi, Embakasi Ziko Tano

Jana kwenye mazoezi ya kujumlisha kura za uchaguzi wa Agosti 2027 mmemtangaza seneta wa Nairobi mara mbili, na mara zote mbili mezani hapakuwa na fomu 38B, ile ya jumla ya eneo bunge, hata moja. Tunawapenda, lakini chai ya leo ni yenu.

1. Jueni fomu. 34 ni ya rais, 37 gavana, 38 seneta, 39 mwakilishi wa kike. 38A hujazwa kituoni, 38B eneo bunge, 38C kaunti, na huko kaunti ndiko seneta anakotangaziwa. Bomas, ambako rais alitangaziwa 2022, msimtafute. Ile tovuti ya Tume ya uchaguzi (IEBC) mliyoizoea 2022 ilikuwa ya fomu za rais. Za seneta mtazifuata kwa miguu.

2. Embakasi. Hapa sote wa dawati la hesabu tuna kovu, basi tusemezane polepole. Nairobi ina maeneo bunge 17, na matano ni Embakasi: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki, Magharibi. Saa tisa usiku, huku mkingojea 38B ya Kati, tayari mna jumla ya muda ya 38A zake kwenye safu mlalo yake. 38B inafika. Mtu anafungua orodha ya majina kwenye Excel, anaona Embakasi tupu, na kwa haraka anachagua Magharibi. Anabonyeza, anaendelea na mandazi. Sasa Kati imehesabiwa mara mbili: mara moja kwa 38A, mara ya pili kwa jina la jirani. Baadaye 38B ya Magharibi yenyewe inaingia, mwenzake anaona jina tayari lipo, anadhani ni nakala, anaitupa. Mistari yote 17 imejaa! Hakuna pengo, hakuna rangi nyekundu, mhariri anafurahi. Mnampa mgombea pengo la kura ambalo halipo, na maelfu ya watu wa Magharibi hawakupiga kura kabisa kwa mujibu wenu.

Dawa yake ni nambari. Kila eneo bunge lina yake: Nairobi inaanzia Westlands 274 hadi Mathare 290. Kati ni 284, Magharibi 286. Andikeni nambari, si jina. 38B ikiingia, inachukua nafasi ya jumla ya 38A, palepale, mstari mpya haufunguliwi. Kisha linganisheni idadi ya waliojiandikisha iliyo kwenye fomu na iliyo kwenye sajili. Zikipishana, mko kwa jirani.

3. Kura zilizokataliwa haziingii kwenye asilimia ya mgombea.

4. Jamani, seneta hana duru ya pili. Nusu-jumlisha-moja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti ni masharti ya rais. Huyu akizidi kwa kura moja, ameshinda.

5. Viti vya Seneti. 47 huchaguliwa, 20 ni vya uteuzi: wanawake 16, vijana 2, walemavu 2. Jumla 67, Spika kando. Hivyo 20 hugawanywa kwa idadi ya maseneta wa chama waliochaguliwa, si kwa kura kilizozoa nchini. Chama kinaweza kuzoa kura kila kaunti kikawa wa pili kote, kisipate hata kimoja. 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa seneta, wote waliingia kwa uteuzi. 2017 wakachaguliwa watatu, Kihika wa Nakuru, Kamar wa Uasin Gishu na Dullo wa Isiolo. Kwa hiyo "maseneta wanawake" na "waliochaguliwa" si hesabu moja.

6. Siku 28 za kufungua kesi ya kupinga matokeo huanza matokeo yanapotangazwa, si yanapochapishwa kwenye gazeti rasmi. Mahakama ya Juu ilishasema hivyo 2014, kwenye kesi ya Joho na Shahbal.

7. Kituo hakizidishi wapiga kura 700. Ukiona 38A imempa mtu mmoja kura 1,070, usimpigie wakili simu. Kuza picha. Mara nyingi ni 107 na kivuli cha kidole cha ajenti.