Ile 40 kwenye mchoro wa boriti si unene

Ndugu fundi, umeuliza kama 40 kwenye "305 × 165 × 40 UB" (UB ni boriti ya chuma yenye umbo la I) ni unene. Hapana, ni kilo kwa kila mita. 305 ni kimo na 165 ni upana, kwa milimita; tena kimo hicho ni cha jina tu, halisi ni 303.4. Unene utaupata kwenye jedwali la vyuma: bapa za juu na chini 10.2, la kati 6.0. Boriti ya mita 6 ni kama kilo 240, kwa hiyo usiite vijana wawili kuinyanyua.

Matundu ya boliti za M20 (kipenyo milimita 20) kwa kawaida hutobolewa milimita 22. Rula weka mbali, usipime juu ya mchoro. Kipimo kisichoandikwa muulize mchoraji. Na kabla hujakata, angalia herufi ya marekebisho ya mchoro: ikishatoka C, mchoro A fungia maandazi.