Mtuhumiwa anapokuwa wa nyumbani kwa mkuu wa kituo

Ndugu aliyeuliza iwapo mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuendelea kusimamia upelelezi baada ya kubaini kwamba mtuhumiwa ni mtu wa nyumbani kwake, naomba nimjibu kwa yaliyonipata nilipokuwa nikishika wadhifa huo. Hawezi, na asijaribu.

Kesi yenyewe ilihusu ghala lililovunjwa usiku, mlinzi wake akapigwa hadi akalazwa. Mpelelezi aliniletea jalada nilipitie kama ilivyo kawaida, na miongoni mwa picha za eneo la tukio ilikuwemo ya koti lililonasa kwenye seng'enge. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kijani, mishono mipana isiyolingana. Niliitambua kwa sababu niliishona mimi, na koti lilikuwa la mdogo wangu wa kiume, niliyemlea tangu mama alipofariki.

Wengi hudhani kwamba kishawishi kinachomkabili mtu hapo ni kumkinga ndugu yake. Mimi nilitamani kinyume chake, yaani nimkamate na kumhoji mwenyewe, tena kwa ukali, ili pasitokee wa kusema nimempendelea. Huo nao ni upendeleo, kwa kuwa mtuhumiwa anastahili kuhojiwa na mtu asiye na la kuthibitisha kumhusu yeye mwenyewe.

Lipo pia suala la vielelezo. Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, alifundisha kwamba mguso wowote huacha alama. Nguo zangu na za mdogo wangu zilifuliwa beseni moja na kuanikwa kamba moja. Ningelishika koti lile hata mara moja, wakili wa utetezi angekuwa na haki ya kuhoji nywele na nyuzi zilizokutwa humo zilifikaje. Tena mwaka 1923 mahakama ya Uingereza ilitengua hukumu ya dereva mmoja kwa sababu karani aliyeingia faragha na mahakimu alitoka katika ofisi ya mawakili waliomwakilisha mtu aliyekuwa akimdai fidia dereva huyo, ingawa mahakimu walieleza kwamba hawakumwomba ushauri wowote. Ikiwa karani aliyekaa kimya aliiharibu kesi, mkuu wa kituo aliye dada wa mtuhumiwa ataiharibu zaidi.

Nililifunga jalada, nikamwandikia mkuu wangu saa niliyoiona picha na nilichokitambua, nikaomba upelelezi uhamishiwe kituo kingine na nisipewe taarifa zake. Kisha niliandikisha maelezo, maana tangu dakika ile nilikuwa shahidi.

Kilichoniumiza zaidi ni jioni yake. Mdogo wangu alikuja kula kama kawaida, akauliza mbona nimenyamaza, nami nikampakulia huku nikijua kwamba neno moja la kumtahadharisha lingekuwa kosa la kuzuia upelelezi. Nilimjibu kwamba nimechoka. Dada zangu, waliposikia baadaye nikitoa ushahidi, hawakunielewa, na baadhi yao hawaniiti tena kwenye shughuli za familia.

Kwa hiyo, ndugu, ikiwa yamekufika, andika barua kwanza kabla ya kuzungumza na mtu yeyote wa nyumbani, omba likizo siku hiyohiyo ukalale kwingine, na mwachie afisa wa kituo kingine awaeleze jamaa zako kwa nini umejitoa.